Vijiti Vilivyochipua Nyaishozi

Felisiani, rafiki yangu,

Kwanza nikuondolee wasiwasi: mama yako ni mzima. Bado anajibu "marahaba" kabla mgeni hajamaliza kusema shikamoo, halafu anamlaumu mgeni kwa kuchelewa.

Nimekuwa nikikuandikia kichwani tangu siku tulipokuzika kibanjani kwako, kati ya migomba yako. Leo nimekaa mezani hapa Bugene na kalamu, kwa sababu kuna jambo limeamuliwa, nalo linakuhusu kuliko mtu yeyote. Koku, binti yako, amekubaliwa kusomea shahada ya pili ya mipango miji huko Dar es Salaam.

Najua ungevua miwani na kuifuta, kama ulivyofanya barua yako mwenyewe ilipofika. Koku alipotutangazia, niligeuka kukutazama. Mtu hazoei upesi.

Sasa nikueleze polepole, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia, "Mwalimu, hapa hakuna kengele."

Koku aliwaambia wazee wa ukoo Jumapili, baada ya misa, akiwa na mfanyakazi mwenzake wa halmashauri, kijana kutoka Mwanza. Mdogo wako Deusi alikataa palepale. Si mtu mbaya, na hoja yake ilikuwa na uzito. Koku ni mtoto wako wa pekee. Akiondoka, kibanja chako kinabaki bila mtu, na unajua kibanja kisicho na mtu hupunguaje: jirani hasemi neno, jembe lake tu ndilo linasogea kila msimu.

"Baba yake aliwapimia watu wote mipaka," Deusi alisema, "chake kikaota magugu. Ana shahada, ana kazi. Anakwenda kusomea nini kingine? Kuchora barabara mbili kwa mpigo?"

Watu walicheka, hata mimi. Lakini lilikuwa swali zuri, nikajaribu kulijibu. Nilisema shahada ya kwanza humfundisha mtu kuchora barabara. Ya pili humfundisha kuuliza kwa nini watu wanajenga juu yake hata baada ya kuchorwa, nani aliamua ipite pale, na nani hakuulizwa. Nikawaambia waangalie kibanja. Kila mmoja wetu anajua majivu ya jikoni yanamwagwa wapi, wafu wanalala upande gani, njia ya jirani inapita katikati ya migomba ipi. Hakuna aliyeandika, kwa sababu tunajuana. Mji ni kibanja cha watu wasiojuana. Ndiyo maana lazima apatikane mtu wa kuusomea.

"Mwalimu," mzee mmoja akasema, "ulistaafu, lakini ubao hukuufuta."

Deusi hakucheka. Akasema tena, "Hapana." Koku alikuwa amekaa mkekani karibu na bibi yake, akitazama mikono yake. Niliona anaanza kukubali kushindwa, na hilo, Felisiani, ndilo sikuweza kulivumilia. Nikawakumbusha vijiti vya Nyaishozi.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Ulikuwa na shahada yako ya kwanza na suruali moja ya kazi, ukatumwa kuonyesha barabara mpya itapita wapi pale senta. Mlipigilia vigingi vya mkaratusi. Kulipokucha vilikuwa vimeshageuka kuni za chai. Mkapigilia vingine, vikawa kuni za maharage. Nguzo za saruji zilisemekana ziko njiani kutoka Bukoba. Ndipo siku moja msaidizi wako alipoishiwa vigingi, akaingia vichakani na panga, akarudi na mzigo wa matawi ya omuramura.

Kijana wa Mwanza hakuelewa kwa nini wazee wameanza kutabasamu, ikabidi nimfafanulie. Omuramura ni mti unaopandwa mpakani familia mbili zikishapatana mbele ya mashahidi. Ukichomeka tawi tu, linashika. Na likishashika, anayeling'oa anaiitia nyumba yake balaa.

Mvua zikanyesha, vigingi vyako vikatoa majani. Mkubwa wako alipokuja kukagua, aliuliza ni nani aliyepanda ua kwenye barabara ya serikali. Senta nzima ikacheka. Wakakuita Bwana Shamba wa Barabara, jina ukalibeba miaka. Lakini hakuna aliyejenga ndani ya mstari ule. Hata mmoja.

Swali lako lilitoka hapo. Kwa nini mtu achome kigingi cha serikali jikoni kwake, lakini akizunguke kijiti kilicho hai? Ukaenda nalo kwenye shahada ya pili. Mwalimu wako wa huko akakwambia hizo ni hadithi za bibi, ulete ramani. Ukaleta ramani, na hadithi za bibi ukaziacha palepale zilipokuwa, ndani ya andiko lako. Uliporudi, hukupima tena barabara yoyote kabla ya kukaa na wenye migomba. Kazi yako ikawa ya polepole. Vyeo vikakupita kama mabasi yaliyojaa.

Nilipofika hapo, nikamgeukia Deusi. Nikamuuliza, kwa upole, kama anamkumbuka aliyekata yale matawi.

Akavua kofia, akawa anaigeuzageuza mikononi. Alikuwa kijana tu wakati ule, ametoka shule bila kumaliza, nawe ulikuwa umemwombea kibarua. Miaka yote watu walikucheka wewe. Ulinieleza mara moja tu, tukitembea kwenda Kayanga: "Mdogo wangu akichekwa, ataacha kazi. Mimi nikichekwa, nitapata cha kusomea."

Mama yako ndiye aliyelitamka. "Kumbe ni wewe, Deusi. Nami nimezeeka nikiona aibu kwamba mwanangu wa chuo hajui miti."

Deusi akajifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Sikujua kama anacheka au analia. Nadhani hata yeye hakujua.

Nikamwambia, "Kaka yako alilisomea kosa lako mpaka akapewa shahada. Binti yake anaomba kuendelea alipoishia."

Siku ile aliaga, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata alikuja kibanjani kwako na panga na matawi aliyoyakata kwenye mstari uleule wa Nyaishozi. Akaniita mimi, mama yako na majirani wa pande zote. Akamkabidhi Koku matawi. "Panda wewe."

Wewe unaelewa alichokifanya. Huku kwetu binti hapandi mpaka. Anayepanda ndiye anayetambuliwa kuwa mwenye ardhi. Majirani wakatazamana. Yule wa upande wa bondeni akakohoa, akataka kusema kitu.

"Sema, ndugu yangu," Deusi akamwambia. "Mpangaji wa mji huyu hapa, na panga ninalo mimi."

"Nilitaka kusema mvua iko karibu," jirani akajibu.

Koku alipanda tawi baada ya tawi mpaka akafika pembe iliyo karibu na kaburi lako. Hapo tawi lilikataa kusimama. Mama yako akapiga magoti, akamshikilia tawi wakati yeye anashindilia udongo. Nami nilitazama pembeni. Ningependa... basi. Ulipaswa kuwepo.

Aliondoka baada ya mavuno ya maharage. Amesema swali lako analipenda, ila anadhani umelijibu nusu. Nikamwambia asikose kukujulisha.

Mimi nilikuwa shahidi, Felisiani, na kazi ya shahidi haiishi siku ya kupanda. Lazima awe hai siku atakayoulizwa. Magoti yangu yana maoni tofauti, lakini nimekwishaamua. Nakuahidi: kila Jumapili nikitoka misa nitapita kwako, nitapalilia vile vijiti kimoja kimoja, na jembe lolote litakalosogea litanikuta nimesimama. Koku atakirudia kibanja chake kama alivyokiacha.

Jana nilikuwa huko na Deusi. Kijiti cha pembeni mwa kaburi lako kimetoa jani. Tumekipigia uzio mdogo, mbuzi wasikifikie.

Pumzika, rafiki yangu. Zamu hii ni yetu.

Mwalimu wako