Pasi ya Kabichi

Shume, Lushoto

Mdogo wangu Idrisa,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia mwaka wa tatu huu. Huku mvua imenyesha vizuri na kabichi zimefunga.

Tulikusikia redioni ukiaga mpira wa kikapu. Mtangazaji alikuuliza ile pasi unayotoa bila kumtazama mwenzako, iliyokupa jina huko Ulaya, uliipata wapi. Ukajibu kwa madaha kwamba alikufundisha kocha wa huko, maana kwenu milimani hakukuwa na wa kukufundisha kitu.

Hakukuwa na mtu, Idrisa? Nani alikusimamisha kwenye mteremko wa shamba letu, akakwambia utazame miguu yako usije ukaporomoka, kabichi uirushe tu, yeye yupo? Miaka saba tulipakia lori hivyo: mimi nakata, wewe unarusha, baba anadaka juu. Hukumtazama hata siku moja, naye hakukosa hata moja. Kocha alikukuta nayo, mwongo mkubwa wewe!

Kuna jambo baba alinikataza nisikwambie, lisije likakuharibia mechi. Haoni tena tangu mwaka juzi. Lakini lorini alikuwa bado anapanda. Ananisikia nikiguna ninaporusha, anadaka. Madereva walikuwa hawaamini macho yao.

Siku ile tulipokusikia, alizima redio, akapanda. Nikarusha ya kwanza, ikampita. Ya pili ikampiga kifuani. Akashuka, na hadi leo hajapanda tena.

Usinijibu mimi. Mpigie yeye.

Dada yako,
Zakia