Krimu Niliyomkorogea Dada Yangu

Bi Mauwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana haya sijamwambia mtu, hata mume wangu hajui.

Mie nina saluni ndogo Mbezi Luis, nasuka na nakorogea watu krimu za kung'arisha uso, na krimu ndiyo iliyonipa jina, nachanganya tyubu mbili za dawa ya ngozi kutoka duka la dawa, naweka losheni ili inukie, halafu naongeza krimu nyeupe ya kopo lisilo na maandishi, naletewa na mama mmoja anayesema inatoka nje, na sikuwahi kumuuliza ndani yake mna nini.

Dada yangu Eufrazia ni mwalimu wa shule ya msingi kule Chamazi, ana miaka arobaini na mitatu, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na maisha yake yote alikuwa anapakaga mafuta ya nazi tu. Mwaka jana walikwenda harusini na mume wake, shemeji Venance, wakakutana na mtu anayefanya kazi na shemeji, yule mtu akamsalimia dada shikamoo akidhani ni mama mkwe wa shemeji, na shemeji badala ya kumsahihisha akacheka. Jumamosi iliyofuata dada akaja saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akasema, "Nifanye na mie nionekane kijana." Nilimwambia ngozi yake haina shida, lakini Bi Mauwa nisikudanganye, nilimwambia mara moja tu, maana moyoni nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza nina kitu cha kumpa.

Miezi mitatu uso uling'aa, madoa yakapotea, walimu wenzake wakawa wanamuuliza siri yake, naye akawa anacheka kama msichana. Kisha akaanza kuamka uso umevimba, ikafuata miguu, mkojo ukawa na povu, akalazwa, wakasema ni figo ila hawajui zimeharibiwa na nini. Daktari akamuuliza kama kuna kitu chochote anachomeza au kupaka, mie nimesimama pale nimeshika chupa ya uji, dada akanitazama kwanza mie, halafu akamjibu, "Hapana, daktari. Mafuta ya nazi tu."

Daktari alipoondoka akaniambia nisiseme neno, watanifungia saluni na nina watoto wadogo. Nikanyamaza, na leo ni siku ya kumi. Na kuna baya zaidi ya hilo, aliniomba nimpelekee kikopo chake wodini kwa sababu asipopaka uso unatoka mabaka na anaona aibu mbele ya shemeji, nami nikampelekea. Anapaka akiwa kitandani. Nikisema namsaliti na shemeji hatanisamehe, nisiposema naogopa hata kuliandika. Nifanyeje?

Mdogo mtu, Mbezi Luis

*

Marahaba, mdogo wangu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekasirika vilevile.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, wiki mbili zilizopita. Uliandika namba yako chini yake, nami sikungoja zamu ya gazeti, nilikupigia saa ile ile. Wasomaji wajue tuliyozungumza, kwa ruhusa yako. Nilikuambia ukachukue kikopo alichonacho dada yako na lile kopo la saluni, umpelekee daktari vyote viwili, useme umechanganya nini na tangu lini. Ulilia, ukaniuliza itakuwaje wakikufungia saluni. Nikakujibu wafunge.

Ulikwenda, na hilo nakuhesabia. Ulinisimulia kwamba daktari hakukugombeza, alikaa chini akaandika kila ulichosema. Majibu ya vipimo yaliporudi yakaonyesha zebaki. Zebaki haibaki usoni, mdogo wangu, inapenya kwenye ngozi na kuingia kwenye damu mpaka kwenye figo. Siku kumi na zaidi wale watu walikuwa wanatafuta ugonjwa mwingine, na wewe jibu ulikuwa nalo kwenye mkoba. Daktari anasema wengi hupata nafuu wakiacha mapema. Kwa Eufrazia hawezi kuahidi. Hilo utaishi nalo, na mie sina neno la kukupunguzia.

Unasema dada yako alipojua umemwambia daktari aligeukia ukutani, siku mbili hakusema nawe, na siku ya tatu akakuomba umchane nywele. Ukaniuliza kama amekusamehe. Sijui. Usimuulize. Mchane nywele, na kesho rudi umchane tena.

Shemeji Venance naye asome hapa. Mke wako ana miaka arobaini na mitatu na uso wake ulikuwa wa miaka arobaini na mitatu. Palihitajika maneno manne tu pale harusini: huyu ni mke wangu. Nenda wodini ukayaseme sasa, ukimwangalia huo uso ulivyo.

Na nyie mnaosoma huku mmeshika vikopo vyenu. Ngozi inataka sabuni isiyokwangua, mafuta ya kawaida, krimu ya kukinga jua, na kanga kichwani mchana. Madoa yana daktari wa ngozi. Kitu ambacho hakijaandikwa kina nini ndani hakipakwi, hata kama anayekupa ni ndugu yako wa tumbo moja. Aliyekwisha kuanza asijitibu mwenyewe nyumbani, aende na kopo lake akalionyeshe hospitali.

Narudi kwako. Lile kopo umeshalitoa, sasa mtaje na mama anayekuletea. Wakiifunga saluni, siku ikifunguliwa tena, suka. Unajua kusuka, na hakuna aliyelazwa kwa kusukwa.

Bado kuna wateja. Uliponipigia jana uliniambia wa krimu wapo ishirini na sita. Usiwatumie ujumbe, wapigie, mmoja mmoja, waisikie sauti yako, uwaambie waache leo na waende kupimwa figo. Watakutukana. Sikiliza matusi mpaka yaishe, kisha rudia kuwaambia. Mmoja wao, ulisema, ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Anza na huyo.

Bi Mauwa