Reli Iliyofika Kianjai

Majimbo, Embu
Jumapili jioni, Desemba

Kwa kaka yangu Kirimi,

Salamu zangu zikukute umeketi na kikombe kikiwa karibu, maana barua hii si fupi. Mguu wako umepona? Wifi Kendi aliniambia kwamba bado unachechemea ukipanda mlima, na ukiulizwa unasema ni viatu. Na mvua je, imewaachia maharagwe au imeyaozesha yote? Sisi huku tuko wazima. Wawira wangu alifunga shule juzi na tayari amemaliza sukari. Nyaga anakusalimu sana. Amekonda kidogo kwa sababu ya kazi ambayo nitakueleza, lakini kwa mwanaume mwenye tumbo lile kukonda si hasara.

Utashangaa nimeandika barua kama watu wa zamani ilhali simu ninayo. Ni kwa sababu yako wewe. Simu yako huiweka kwa spika hata mtu akitaka kukueleza tumbo linavyomuuma, na siku hizi kila nikipiga nasikia watu wamejaa hapo kando wakinisalimu kabla yako. Haya ya leo nataka uyasome peke yako. Na kabla sijaendelea nakuomba jambo moja, kaka: yule mtamba usimpeleke soko la Kianjai kabla hujafika mwisho wa barua. Najua mnunuzi umempata, na najua mwenye ile ploti ya kando ya barabara anakusukuma ulipe kabla ya Krismasi. Mwache asukume. Huyo ndiye wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa mama, na akishatoka hapo nyumbani hatarudi.

Sasa nikueleze kazi inayomkondesha shemeji yako. Mwaka jana alirudi kutoka mjini na sanduku la mitumba ya vitu vya watoto. Ndani mlikuwa na treni ndogo ya umeme, mabehewa yake, na vipande vya reli vya kuunganisha. Nilidhani ameinunua aitengeneze na kuiuza, jinsi anavyofanya na redio za watu. Akaiunganisha juu ya meza, ikazunguka, naye akazunguka nayo, na siku hiyo chakula tulilia sakafuni. Krismasi ilipofika watoto wa Sunday school wakaja kuitazama. Mtoto mmoja akauliza kama inaweza kufika Chuka kwa nyanya yake. Wewe unajua reli haikuwahi kuja upande wetu, iliishia Nanyuki na mlima ukatuficha. Nyaga akamwambia mtoto kwamba mwaka ujao itafika. Mume wangu akiahidi watu wazima husahau, lakini mtoto hamwongopei.

Basi tangu Pasaka yeye na jirani yetu Gitari, yule fundi wa mageti, wamekuwa wakijenga reli kutoka Embu hadi Muthara ndani ya sebule yangu. Meza ni milango mikuukuu iliyolazwa juu ya stuli. Mimi mwanzo nilinung'unika, kisha nikaona wanataka kutengeneza mlima kwa makaratasi ya gazeti, nikashindwa kuvumilia. Mshonaji ni mshonaji. Nikachukua magunia, nikayachovya katika gundi ya unga wa ngano, nikayakunja mpaka Kirinyaga ikasimama na theluji ya pamba. Majani chai ni sponji niliyoitia rangi. Mito yote niliikata kutoka vitambaa vilivyobaki nilipowashonea wasimamizi wa harusi ya mchungaji wetu, kwa hivyo Thuci inang'aa kuliko ilivyo kweli. Siku hizi naweza kuwa napima kiuno cha mteja huku nawaza daraja. Nakuambia ukweli, nimefurahi mwaka huu.

Tangu Jumapili ya kwanza ya Novemba tumekuwa tukifungua mlango baada ya ibada ili watu waone kazi inavyoendelea, na hapo ndipo nilipojua kwamba binadamu wote ni wamoja. Kila mtu anataka stesheni kwao. Mama Ciakuthii, anayeuza ndizi getini, kwao ni Mbeere, mbali kabisa na njia. Aliangalia yote, akakataa chai, akasema hawezi kunywa chai katika nyumba ambayo treni yake inawaruka watu wa Mbeere kana kwamba hawana pa kwenda. Alikaa hapo amenuna mpaka Nyaga akahamisha kilima kimoja. Mzee mmoja wa kanisa naye alisema treni inapita shambani kwake Runyenjes, na akataka kujua ni nani aliyekubali. Hakuwa akitania sana.

Nimekupeleka mbali, lakini nilikuwa na sababu. Sasa tuje kwa reli yenu.

Ulinipigia simu Septemba ukiwa na furaha. Ulisema mpimaji amepita Kianjai akiwa amevaa rifleka, ile jaketi ya kung'aa, na tepu ndefu mkononi. Alisimama penye pengo katikati ya ua wa miiba ya kayaba uliotenganisha shamba letu na la jirani yako Kaburu, akapiga picha upande wako na upande wake, akaandika, kisha akashika njia ya Muthara. Kufikia jioni soko lote lilikuwa limejua kwamba reli inakuja. Nikakuuliza kama una hakika, ukanijibu kwamba lisemwalo lipo. Baadaye nikasikia watu wanapanda maparachichi usiku na mchana ili walipwe fidia, na kwamba kuna aliyejenga nyumba ya kuku ilhali hana hata yai.

Kisha pakatokea mtu akasema kwamba shamba lenye kesi halilipwi fidia. Ukanieleza hilo ukijua kesi ya mpaka yako na Kaburu haijaisha. Wewe na Kaburu hamkuwa mmesalimiana tangu lile jiwe la mpaka lilipohamishwa, na wakati huo binti yake Lorna alikuwa bado shule ya msingi. Wazee walijaribu, chifu akajaribu, mchungaji akajaribu, kila mmoja akarudi kwake akitikisa kichwa. Hata mama alipozikwa Kaburu hakuja, yeye aliyenyonyeshwa na mama wakati mama yake alipokuwa amelazwa. Lile liliniuma, na nilijua lilikuuma zaidi, ingawa ulisema ni afadhali.

Lakini kwa sababu ya reli ulivuka. Ulienda kwake, mkaketi, mkaenda pamoja kwa chifu kumwambia hakuna kesi tena. Halafu mwisho wa Novemba mkang'oa ule ua. Ulinieleza kwamba glavu zilikuwa jozi moja, mkagawana, kila mtu mkono mmoja, na kayaba ikawachoma mikono miwili iliyobaki mpaka Kendi akawa anawacheka kutoka jikoni. Ulikuwa unacheka hivi kwamba sikusikia nusu ya maneno. Sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo tangu mama atuache. Na tangu siku hiyo Kaburu huja kwako kila Jumapili kunywa chai.

Kaka, hakuna reli.

Yule mpimaji alikuwa Gitari. Ni mimi niliyemtuma. Katika meza ile ya milango kila mtu huomba stesheni yake, nami kabla yao wote niliomba kitu kimoja tu, kwamba treni ikifika Kianjai ipite karibu na nyumbani kwetu na nyumba iwe kama ilivyo. Gitari alikuwa anapeleka geti Meru kwa pikipiki, nikamwomba asonge mbele kidogo apime na kupiga picha. Rifleka ni ya pikipiki. Alisimama pale kwenye ua kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo nyumba zote mbili zinaonekana. Huyo Gitari ni mtu anayejibu alichoulizwa na kufunga mdomo. Mzee mmoja alimuuliza ni kazi ya nini, akasema, "Ni ya reli, mzee, tunaifikisha mpaka Muthara." Akaulizwa itakuwa tayari lini, akasema, "Krismasi lazima iwe inatembea." Akawasha pikipiki. Hakuwa na nia ya kudanganya mtu, na alipoambiwa baadaye aliyoyazua aliuliza kama wale watu wamelipwa.

Nilijua siku ile ile uliponipigia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikuambie tucheke wote. Ndipo ukasema kwamba Kaburu alikuwa amekuamkia njiani kukuuliza unaonaje hii habari ya reli, nawe ukamjibu. Nikaufunga mdomo. Nikasema nitangoja wiki moja. Wiki ikaleta safari ya kwa chifu, nikasema nitangoja nyingine, na ule ua ulipong'olewa nikashindwa kabisa kujua mtu aanzie wapi. Sikuogopa hasira zako kwangu, nazijua, huwa zinaisha ukishakula. Niliogopa kwamba ukisikia hakuna reli utaona hakuna sababu ya kumpa Kaburu mkono, na mtapanda kayaba upya. Kwa hiyo nilinyamaza, na ningenyamaza hadi mwaka mpya kama si huyu mtamba unayetaka kumuuza ununue ploti kwa ajili ya reli. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia katika zizi lako. Nisamehe. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, si Nyaga wala Gitari.

Kuna jingine, nalo ni kubwa kuliko langu.

Jana Kaburu alikuja hapa kwangu. Alikuwa amemtembelea Lorna, ambaye anafanya kazi katika duka la dawa hapa mjini na tunaimba naye kwaya moja. Niliposikia sauti yake mlangoni nilichukua shuka nifunike meza, lakini Nyaga alikuwa tayari amewasha umeme. Kaburu aliingia, akaweka mikono nyuma, akazunguka meza polepole. Kianjai hakuonyeshwa, aliipata mwenyewe. Akainama akatazama nyumba yako na nyumba yake, na lile tangi lake la maji lililoinama, na ule ua niliokuwa nimeushona kwa uzi wa kijani katikati. Akamwambia Nyaga kwamba pale pana makosa, huo ua haupo tena. Nyaga akauchomoa.

Nikaanza kujieleza. Akanizuia kwa mkono. Akasema anajua. Lorna alikuja ile Jumapili ya kwanza tulipofungua mlango, akapiga video, akamtumia babake kwa simu. Kaburu aliona treni ikipita kati ya nyumba zenu mbili, akaelewa kila kitu hapo hapo. Hiyo ilikuwa mwanzo wa Novemba, Kirimi. Ua mliung'oa mwisho wa Novemba.

Nilimuuliza, kama alijua, alikuwa anang'oa kayaba kwa ajili ya nini. Alikaa kwanza. Kisha akasema kwamba ulikuwa umemwita kwa jina lake. Alisema kwa miaka hiyo yote amekuwa akikusikia ukimwita "yule mtu", na kwamba siku ya kumzika mama alivaa koti akafika mpaka kwenye geti lenu, akakusikia ukimtaja hivyo hivyo, akarudi. Sasa ulikuwa umesimama mlangoni kwake na panga na glavu, ukimwita Kaburu, ukimwambia twende kazi. Akaona akisema hakuna reli utarudi nyumbani na panga lako. Ndiyo maana akavaa glavu.

Akasema pia kwamba ndiye aliyemwambia mnunuzi wako angoje, mara ya kwanza kwamba mtamba anakohoa, mara ya pili kwamba bei itapanda. Ya tatu hana. Hawezi kukuacha umuuze ng'ombe yule, na hawezi kukuambia kwa mdomo wake, kwa hiyo alikuja kuniomba nikuandikie. Mwanaume mzima wa umri wake alikuwa anashika kofia kama mtu aliye mbele ya hakimu. Nililia, na Nyaga akajifanya anarekebisha waya.

Basi mwambie mnunuzi hapana, na mwenye ploti hapana, naye mweleze vizuri, maana pia anaamini. Watu wa soko waambie ni mimi, wacheke, maparachichi yao yatazaa hata bila reli. Siku ya kuamkia Krismasi treni inatembea kutoka Embu hadi Muthara bila kukwama wala fundi kuombwa, na nimewawekea nafasi ya kulala. Nimesema nimewawekea. Ni ninyi wawili, wewe na Kaburu, na Kendi akikubali kuacha mbuzi wake.

Nisalimie Kendi sana, na watoto, na yule shangazi wa Muthara ukimwona. Wawira anasema umletee miwa. Nyaga anasema usilete chochote, uje tu.

Umeona mwenyewe ni nani aliyekuletea barua hii. Nilimwambia aingie aketi nawe ukiwa unasoma, akakataa. Alisema atakupa mkononi kisha atangoja nje, pale ulipokuwa ua, na kwamba usipomwita atajua, ataenda zake bila neno. Kwa hivyo sitaongeza, kaka. Inuka umwite.

Mimi dada yako,
Kagwiria