Mfarishi Ulioshonwa Vizuri Zaidi

Padova, 6 Oktoba

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mgongo unamsumbua, maana Bi Ornella, yule mzee anayemtunza, amekataa kutembea tangu wiki iliyopita na lazima anyanyuliwe kila mahali.

Najua kwenye simu husikii. Tukimpigia jirani akusikilizie, nasema tu hujambo, sijambo, basi, maana mengine siwezi kuyasema mbele ya jirani. Kwa hiyo barua hii nitampa dereva Gherasim Jumapili, pale uwanjani magari ya kwetu yanapopakia vifurushi. Gherasim husoma barua za watu akiwa njiani. Gherasim, kama unasoma, shikamoo na wewe.

Babu, laptopu ya Bibi imekufa. Iliwaka kidogo, ikatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa, ikazima. Fundi amesema haifufuki. Mama akanipeleka dukani ninunuliwe nyingine, nami nikamtia aibu. Laptopu zote za huku zina kibodi ya Kiitaliano. Herufi nyingi ziko mahali pake, ila alama zimehama, na kitufe kile kirefu cha kushoto, kinachobonyezwa na kidole cha mwisho, wamekikata wakakifanya kifupi. Muuzaji aliniambia anaweza kubadilisha lugha kwa ndani. Alibadilisha, nikafumba macho nikaandika, kidole kikaangukia penginepo kila mara.

Muuzaji akasema, "Dada, utazoea. Vidole si mbuzi, vinafundishika."

Mama akasema, "Wenzio wanalilia mkate, wewe unalilia vitufe!"

Sikuweza kuwaeleza. Unakumbuka Bibi alivyokuwa ananifunika mikono kwa kitambaa cha jikoni ili nisiangalie? Yeye anasimulia huku anamenya viazi, mimi naandika. Nimezoea kuandika hadithi zake nikiwa nimefumba macho, na nikifumbua zinakatika. Nimeandika kumi na moja. Zilizobaki zimeanza kunitoka. Juzi nilijaribu kukumbuka binti wa msaga nafaka alimjibu nini shetani pale kinuni, nikashindwa. Nimeogopa sana, Babu.

Huko kwetu laptopu zote zina kibodi ya Kiingereza kama ile ya Bibi. Je, unaweza kwenda mjini Chișinău uninunulie? Fedha Mama amempa Gherasim.

Jambo lingine ni la Mama. Tarehe nane Novemba Bibi anatimiza mwaka tangu afariki, na Mama hapati ruhusa ya kuja. Sadaka ya marehemu ataitolea hukuhuku, bustanini wanakokutana akina mama wa kwetu kila Jumapili. Anaomba mikate, mishumaa, taulo, na mfarishi mmoja mnene wa kujifunika kati ya ile aliyoshona Bibi.

Shuleni ni kuzuri. Nakaa karibu na dirisha. Pembeni yangu hakai mtu, kwa hiyo nina nafasi ya kuweka vitabu.

Mjukuu wako,
Ilinca


Valea Socului, 5 Novemba

Ilinca wangu,

Marahaba, marahaba mara mbili, moja ya kwako na moja ya Gherasim. Mimi mzima. Kikohozi kipo, lakini tumeshazoeana. Kuku wawili wamekufa, na yule jogoo mkorofi anaishi.

Nilikwenda Chișinău kwa basi la alfajiri. Kabla ya kwenda niliingia chumbani kwa Bibi yako. Ile mashine yake ya zamani kabisa, iliyokufa kabla ya yako, bado iko juu ya kabati. Nikaichora kibodi yake yote kwenye karatasi, kitufe kwa kitufe. Kile kirefu cha kushoto nikakipima kwa njiti ya kiberiti. Urefu wake ni njiti moja na kichwa chake.

Dukani nikatoa karatasi na njiti. Kijana wa duka akaniangalia.

"Mzee, unanunua kompyuta au unasahihisha mtihani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilimwoa mwalimu wa Kiingereza. Miaka arobaini na mmoja nimesahihishwa mimi. Leo ni zamu yako."

Ya kwanza ilikosea. Ya pili ilikosea. Ya tatu njiti ilitoshea sawasawa. Ndiyo niliyonunua.

Sasa soma vizuri. Unakumbuka mwaka jana simu aliyotumiwa binti wa jirani Agripina ilivyopotea mpakani? Kwa hiyo laptopu nimeifichia ndani ya mfarishi. Barua hii nayo nimeiweka chini kabisa kwenye ndoo ya maharage, ili Gherasim asiisome.

Natuma mifarishi miwili. Yote nimeishonea mashuka meupe, kama inavyosafirishwa. Mmoja ni wa sadaka. Mmoja ni wako, na laptopu imo katikati yake. Wako utaujua mara moja. Nimeushonea shuka la harusi yetu, lile lenye maua mekundu pembeni, na nimeshona kwa uzi mara mbili, nikikumbuka Bibi alivyokuwa anafanya. Nilijichoma vidole vyote. Wa sadaka nimeushona hivihivi.

Hata mfarishi wenyewe, wako ni wa sufu. Uutumie. Mama yako anasema huko hakuna baridi, lakini simwamini.

Jibu la binti wa msaga nafaka nami nimelisahau. Nakumbuka tu kwamba Bibi yako alipolisema alikuwa anaacha kumenya, ananielekezea kisu.

Babu yako


Padova, 10 Novemba

Babu,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi tu wazima.

Gherasim alichelewa mpakani. Alifika Jumapili saa tano, na sadaka ilikuwa saa sita. Tulibeba vifurushi mbio mpaka bustanini. Wanawake kama ishirini walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, na mishumaa ilikuwa inazimwa na upepo. Ndoo ya maharage ilibaki kwenye toroli. Hakuna aliyeigusa mpaka tuliporudi nyumbani jioni.

Mama aliitazama mifarishi miwili. Mmoja umeshonwa upandeupande kwa uzi mweusi, mwingine una maua mekundu. Akasema, "Huu mzuri ndio wa marehemu Mama." Babu, na mimi nilisema ndiyo. Nani angesema vingine? Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba aliyekufa hupewa kilicho bora, na kinachobaki ndicho chetu.

Akampa Agafia, yule mama anayemtunza mzee mmoja kule Bologna, kwa sababu alikuwa hana hata blanketi lake mwenyewe. Mama alimkabidhi juu ya mshumaa, akasema, "Kwa roho ya mama yangu Eufrosina." Agafia akajibu, "Mungu ampokelee." Nilimsaidia kuubeba mpaka stesheni. Nilihisi kitu kigumu ndani yake, nikadhani ni ubao wa kuuzuia usikunjike.

Jioni tukamimina maharage, barua yako ikaanguka.

Nilimwambia Mama ampigie Agafia. Akakaa kwenye kiti. Akasema, "Ilinca, kilichotolewa juu ya mshumaa anacho Bibi yako kule aliko. Unataka nimvue mama yangu mfarishi?" Kisha akalia, na Bi Ornella naye akalia kule chumbani bila kujua tunalia nini.

Usiku huohuo Agafia akapiga simu mwenyewe. Alikuwa ameikuta. Nilisikia sauti yake, maana anapiga kelele akiongea: "Lidia, mmekosea, kuna mashine humu!" Mama akajibu, "Hatujakosea. Itumie kwa afya."

Fedha za nyingine hakuna. Mama hakusema, lakini najua.

Babu, kwa nini hukuandika jina langu? Neno moja tu juu ya shuka. Uliweza kuchora vitufe vyote na kupima kwa njiti, ukashindwa kuandika Ilinca?

Ilinca


Valea Socului, 22 Novemba

Mjukuu wangu,

Natumaini mko wazima. Mimi mzima.

Umesema kweli. Niliinua kalamu niandike jina lako, nikaona nitachafua shuka la harusi. Nikajiambia uzuri wake utasema wenyewe. Uzuri ukasema kweli, lakini kwa mama yako.

Mama yako hakukosea. Angetoa ule mbaya kwa roho ya Bibi yako, ningemkasirikia. Niliyekosea ni mimi, niliyempa aliye hai kilicho bora.

Nilikwenda makaburini nikamwambia Bibi yako kwamba sasa ana kompyuta, na kitufe cha kushoto kina urefu unaostahili. Asiseme sijamletea kitu.

Niandikie.

Babu yako


Valea Socului, 20 Desemba

Ilinca,

Hamjambo? Gherasim amefika mara nne. Kila akija nasimama langoni, anashusha dirisha, anatikisa kichwa. Mara ya nne amesema, "Mzee, hata mimi nakosa cha kusoma."

Natuma nyama ya nguruwe ya sikukuu. Natuma na kitambaa cha jikoni cha Bibi yako, kile cha mistari ya buluu. Sijakifua, kisije kikapoteza harufu. Sijui utakifanyia nini. Mimi nilikuwa nacho tu kwenye msumari.

Jina lako limo juu ya kila kitu, kwa rangi ya kupakia uzio. Hata juu ya nyama.

Babu yako


Padova, 1 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe. Nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha ikabaki aibu, na aibu ndiyo iliyonizuia zaidi. Mama hajambo. Bi Ornella anatembea tena, hatua sita.

Barua hii naiandika kwenye kompyuta ya maktaba ya shule. Kibodi ni ya Kiitaliano na mipangilio imefungwa, wanafunzi hatuwezi kuibadilisha. Kwa wiki tatu nilikuwa nakuja, nakaa, naangalia vitufe, naondoka. Jumatatu nilileta kitambaa cha Bibi. Nikafunika mikono, nikafumba macho. Msichana mmoja wa darasani, Noemi, akaniuliza kama naumua mkate na kama utaiva kabla ya kengele. Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, Babu, na Noemi akakaa kiti cha pembeni aone mkate wenyewe. Amekaa hapo tena leo. Hatuongei sana. Anasoma vyake.

Harufu ya kitambaa inaisha. Lakini niliandika hadithi ya kumi na mbili yote, na nilipofika kinuni mkono ukaenda wenyewe. Binti alimwambia shetani asubiri kwanza amalize kusaga, maana hata yeye shetani atakula.

Agafia ametupigia. Anaitumia laptopu kumwona mjukuu wake aliyezaliwa Ureno, na akimwona anapiga kelele mpaka mzee wake wa Bologna anaamka. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Anajifunika ule mfarishi. Anasema una joto kama tanuri.

Jambo moja nikueleze. Nikiandika bila kuangalia, alama ya kuuliza haitoki. Mahali ilipokuwa kwenye kibodi ya Bibi, huku kuna kistari cha chini. Kwa hiyo kila ninapouliza panatokea kistari, kama nafasi tunazoachiwa kwenye mtihani. Nilitaka kusahihisha, lakini nikisahihisha lazima nifumbue macho. Nimeviacha hivyohivyo.

Babu, kikohozi kimepona _

Leo umekula nini _

Jogoo bado anaishi _

Umenisamehe _

Tukipata ruhusa Pasaka, utakuja kutupokea Gherasim anaposimama _

Nyumba ni kimya sana _

Mjukuu wako,
Ilinca


Valea Socului, 8 Februari

Mwalimu,

Marahaba. Nakurudishia karatasi yako kama mwanafunzi anavyotakiwa. Nimejaza kwa wino wa buluu. Nimenakili hapa pia, maana nafasi ulizoacha ni finyu na huenda usisome vizuri.

Babu, kikohozi kimepona *hakijapona, ila usiku kinaninyamazia*

Leo umekula nini *sima ya mahindi na kabichi iliyochachuka. Jana pia*

Jogoo bado anaishi *amenidonoa asubuhi hii*

Umenisamehe *kabla ya Gherasim kuzima gari*

Tukipata ruhusa Pasaka, utakuja kutupokea Gherasim anaposimama *tangu saa kumi na moja alfajiri, na kofia mpya*

Nyumba ni kimya sana

Hilo la mwisho nimeliacha wazi. Masikio yangu ni mabovu, siwezi kujua. Njoo usikilize mwenyewe.

Babu yako