Vidole Vyangu Viko Kakuma

Jumatatu, 4 Agosti

Paneli kumi na mbili kabla ya saa nne. Vumbi la Lodwar halina adabu, unafuta asubuhi, mchana limerudi. Fundi Ekeno hunituma mimi juu ya paa kwa sababu ana kitambi. Hasemi hivyo. Anasema mimi ni mwepesi.

Miezi saba sasa namsaidia kurekebisha pampu za sola. Anataka nibaki, niwe fundi kamili. Tangu barua ya chuo ije amenuna. "Wewe Akiru unataka kusoma maji? Maji inasomwa?" Huyo ndiye bosi wangu.

Rafiki yangu Achol naye amepiga simu kutoka kambini Kakuma. Kuna mafunzo ya kompyuta, ukimaliza unapewa kazi ya mtandaoni. Ananiambia ni kukaa chini ya feni na kubonyeza tu. Chini ya feni! Hapo alikaribia kunipata.

Lakini nimeshaamua. Chuo, Kitale, diploma ya maji. Kuripoti ni tarehe mosi Septemba. Bila mkopo wa masomo siwezi kwenda, na mkopo unataka kitambulisho. Ijumaa nakichukua. Begi nimeshanunua.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna kitambulisho.

Karani alitazama kompyuta, akanitazama, akarudi kwenye kompyuta. Akasema, "Madam, vidole yako iko Kakuma." Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, mjinga. Nikamwonyesha mikono yote miwili.

Hakuwa anatania. Alama za vidole vyangu zimo kwenye orodha ya wakimbizi. Huko naitwa Ayen, wa Sudan Kusini. Mkimbizi hapewi kitambulisho cha Kenya. Akaita anayefuata.

Nimerudi kwa shangazi, mtaa wa Nawoitorong, nikapitia nyuma ya nyumba nisionwe. Naona aibu na wala sijui nimefanya nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Uongo. Najua nilichofanya.

Nilikuwa na miaka minane. Mama Achol alinishika mkono, akanifundisha njiani kwenda kuandikishwa kambini. Jina lako Ayen. Mimi ni mama yako. Usiongee Kiturkana. Niliweka vidole kwenye kioo chenye taa ya kijani. Mtu akanipa biskuti. Niliona ni mchezo. Baada ya hapo unga ukawa unakuja nyumbani kila mwezi, nikaacha kufikiria.

Mama yangu alikuwa akimuuzia Mama Achol kuni. Ndivyo walivyojuana. Na si sisi peke yetu. Kule kwetu kila mtu anamjua mtu aliyeazima jina kambini wakati wa njaa. Hakuna aliyefikiri mashine itakumbuka.

Jumatatu, 11 Agosti

Kwa chifu. Kanisikiliza vizuri. Kasema niende Kakuma nikajitoe, na yule aliyeniingiza aende nami akiri kwamba alidanganya.

Nikauliza atafanywa nini. Hajui. Msaidizi wake ndiye aliyejua, au aliyejifanya kujua. Kadi ya familia nzima inasimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi huisha lini? Akainua mabega.

Zimebaki siku ishirini na moja.

Jumatano, 13 Agosti. Kakuma

Nilimkuta Mama akifunga kuni. Tukaamkiana, ejok, ejok. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri, na nilipofungua mdomo yakatoka mengine. Nilimwambia ameniharibia maisha. Nilimwambia aliniuza kwa unga.

Hakuacha kufunga. Akaniambia, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba mwaka ule mbuzi walikuwa wamekwisha wote. Mdogo wangu Lomuria alikuwa ameshazikwa. Mimi nilikuwa nimeacha kulia. Mtoto akiacha kulia, alisema, mama anajua.

Kisha akasema, "Ulikula." Basi.

Nilitaka aniombe msamaha. Hataomba. Ningekuwa yeye nisingeomba. Bado nina hasira naye, imenijaa hadi shingoni, na sina pa kuitua. Nimemsaidia kubeba kuni.

Alhamisi, 14 Agosti. Kakuma

Mama Achol alinikumbatia mlangoni. "Ya biniya, binti yangu, umekonda wewe!" Chai yenye sukari ya kuua mtu. Watoto watatu wa marehemu mwanawe walinipanda magotini. Nikamweleza yote huku nikitazama kikombe.

Aliniongezea chai. Kisha akasema, "Malesh, si kitu. Wewe sema tu ile unataka. Mimi nitaenda na wewe." Hakulia wala hakunisihi. Afadhali angenisihi.

Achol ndiye aliyenifuata nje. Tarehe ishirini na sita kuna kuhesabiwa upya. Kila jina lililo kwenye kadi lazima lije na vidole vyake. Kadi yao ina majina sita: mama yake, yeye, wale watoto watatu, na Ayen. Posho imeshapunguzwa. Ikisimama hata mwezi, watoto watakula nini? "Na wewe si ulikula hapa?" aliniuliza. Wote wananikumbusha nilikula.

Hasira zake hazidumu. Akanionyesha kazi yake ya mtandaoni. Picha za barabara za nchi za watu. Unachora mstari kuzunguka kila gari, kila mti, kila mtu anayevuka. Nilijaribu. Amesema nina mkono mzuri. Nikamuuliza inamsaidia nani. Hajui. Hajawahi kuuliza.

Mafunzo yanayoanza ni ya wasichana wa kambini waliomaliza shule. Ayen anafaa kabisa, anasema Achol. Nikamwambia cheti changu kimeandikwa Akiru. "Sema cheti ilibaki Sudan," akanijibu. "Za wote zilibaki huko." Tukacheka sote wawili. Kisha nikajisikia vibaya kwamba nimecheka.

Jumatatu, 18 Agosti

Lodwar. Nimeunganisha nyaya kinyume, chanya kwa hasi, kama mtu ambaye hajawahi kuona betri. Kifaa kimeungua, harufu imefika barabarani. Fundi Ekeno alinitukana mpaka akaishiwa. Halafu akaniletea chai.

Nikamwambia kuhusu vidole. Sikutaka, ilitoka. Akaona ni habari njema! Yeye tangu aanze kazi hii hakuna aliyemuuliza jina lake la pili. "Kama pampu inatoa maji, wewe ni fundi. Imeisha. Kaa hapa." Anamaanisha vizuri. Nilitamani kumrushia spana.

Alhamisi, 21 Agosti

Kisima kipya, upande wa njia ya Kalokol. Tumebadilisha kila kitu kinachobadilishika. Pampu inazunguka safi. Maji hakuna.

Wanawake walisimama na mitungi yao wakitutazama. Hawakuuliza. Waliochimba walichimba mahali pakavu, wakapigwa picha, wakaondoka. Bibi mmoja alinijia, akaweka mkono kwenye bomba, akaona limekauka, akarudi kukaa kivulini. Nilishindwa kumtazama.

Fundi alifunga sanduku la vifaa. "Sisi ni watu ya pampu. Maji ni ya Mungu." Nilimchukia dakika kumi nzima.

Ndiyo maana nataka Kitale. Nataka kujua maji yako wapi kabla mtu hajabeba mtungi. Hilo tu. Sitaki cheo, sitaki feni. Nimelitaka tangu kidato cha pili na sijawahi kutaka kitu kingine kwa muda mrefu hivi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha shangazi. Mimi ni Akiru. Huyu si mama yangu. Nilikuwa mdogo.

Sentensi tatu. Hazichukui hata nusu dakika.

Shangazi akauliza naongea na nani. Nikamwambia nasali.

Jumatatu, 25 Agosti. Kakuma

Sijala. Mama ameweka ugali mbele yangu akaenda zake, hataki kuniona nikiukataa.

Nimejiuliza nisipoenda kabisa itakuwaje. Ayen asipoonekana, wataulizwa yuko wapi. Ayen akionekana, ndiyo nimekuwa yeye mara ya pili, na safari hii si mtoto. Nikisema ukweli, kadi inafungwa na mama mtu mzima anaitwa mwongo mbele ya wajukuu wake. Nimezunguka humo siku nzima, kila mlango ninaofungua una mtu nyuma yake.

Jumanne, 26 Agosti. Kakuma

Foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Jua halikungoja. Watoto walinishikilia sketi. Wale wakubwa wawili wamefundishwa kuniita dada Ayen. Yule mdogo hajafundishwa, anaamini.

Mama Achol alivaa gauni lake la kanisani. Tulipokaribia meza akaniambia tena, taratibu, sema ile unataka. Nilijua nikianza kusema ukweli, ataumalizia. Asingenikana. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Angekuwa mtu mbaya ningesema bila kupepesa.

Kijana wa mezani alikuwa mpole na mchovu. Nikaweka vidole. Mashine ikakubali. Akasoma, "Ayen?" Nikaitikia. Kisha akauliza, bila hata kuinua macho, kama huyu ni mama yangu.

Sentensi zangu tatu zilikuwepo. Sikuzisahau. Ningependa kuandika kwamba nilizisahau.

Nikasema ndiyo.

Mama Achol akaanza kulia. Kijana akadhani ni joto, akampa maji ya chupa yake mwenyewe. Akaniuliza kama nimemaliza shule. Ndiyo tena. Akaniandika kwenye mafunzo ya kompyuta hapo hapo, akafurahi, alionekana kama mtu aliyefanya jambo moja jema siku hiyo. Yanaanza Jumatatu. Aliyeandikwa lazima afike, asipofika anafuatiliwa.

Kwa hiyo hata hilo sikulichagua.

Jumatano, 27 Agosti. Kakuma

Kujaza fomu. Jina, rahisi. Tarehe ya kuzaliwa, nikakwama. Sikujua Ayen alizaliwa lini. Achol akanisomea kwenye kadi: tarehe mosi Januari. Nusu ya kambi imezaliwa tarehe mosi Januari, ndivyo walivyoandikiwa wasiojua.

Hapo ndipo nililia. Si jana. Jana nilikuwa mkavu kama jiwe. Mimi nilizaliwa wakati wa mvua, jina langu lenyewe linasema hivyo, Mama huniambia kila mawingu yakikusanyika. Januari hapa hakuna mvua.

Mama ameuliza nimefikia wapi. Nimemwambia nimeyamaliza. Hakuuliza vipi. Amenipa kuku wake mmoja, wa kutaga, niende naye. Nimpeleke wapi kuku? Nimemwachia.

Ijumaa, 29 Agosti

Lodwar, kuchukua vitu vyangu. Fundi Ekeno alifikiri nakuja kuaga kwa ajili ya Kitale, akaanza hotuba. Nikamwambia ni Kakuma, kompyuta. Akakatika katikati.

Alijua. Si mtu wa kubahatisha mambo, lakini alijua. Akafungua redio, akaipandisha sauti, akaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa. Mwishowe akasema, "Wewe ni fundi mzuri. Mbaya kidogo kwa nyaya, lakini mzuri." Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu. Ningefurahi siku nyingine.

Shangazi anaringa. Kawaambia majirani wote nimepata kazi ya kompyuta. Wamekuja kunipongeza. Nimewapikia chai. Nimetabasamu hadi taya zikauma.

Barua ya chuo sijaichana. Sijui kwa nini niichane. Haina kosa.

Jumapili, 31 Agosti. Kakuma

Kanisani na Mama Achol na watoto. Amenitambulisha kwa mchungaji kuwa bintiye. Mama yangu mzazi alikuwa sokoni na kuni, tulipita mbele yake. Alitazama pembeni ili asiniletee shida. Na mimi nikatazama pembeni.

Jumatatu, 1 Septemba. Kakuma

Darasa lina feni mbili, moja inafanya kazi. Tuko wasichana ishirini. Mwalimu ni Mkongo, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Aliita majina. Safari ya kwanza nilichelewa kuitikia, Achol akanikanyaga mguu.

Saa tano mapumziko. Nilikuwa nimesimama kivulini na kikombe cha uji simu ilipolia, namba nisiyoijua. Mwanamke, sauti ya taratibu, Kiswahili cha ofisini. Anapiga kutoka chuoni, Kitale. Wanafunzi wapya wanaripoti leo na anaangalia orodha yake. Akauliza, "Naongea na Akiru?"

Nikamwambia hapana, amekosea namba.

Akaomba radhi. Akauliza kama namjua, maana nafasi yake wanaweza kuishikilia mpaka jioni. Nikasema simjui. Akanishukuru, akanitakia siku njema.

Uji ulikuwa bado wa moto. Niliunywa wote. Kengele ikagongwa, tukaingia ndani.