Vumbi Jeusi Usoni kwa Mbonea

Jumamosi. Ukungu haujaondoka hapa Vudee tangu asubuhi, na roho yangu imekaa vibaya.

Mnaonisoma mnajua mwanangu Mbonea yuko Ulaya. Aliniambia anafanya usafi kwenye kituo cha treni kilichochimbwa chini ya ardhi, nami nikatoa shukrani kanisani mbele ya watu. Lakini jana alinipigia simu ya video akitoka kazini, nikaona vumbi jeusi linalong'aa puani na kwenye kope.

Vumbi hilo nalijua.

Marehemu baba yake alikuwa akirudi nalo kutoka kwenye mashimo ya madini kule tambarare, hadi siku shimo lilipomfukia. Mbonea aliniahidi kaburini hataingia shimoni. Sasa treni gani inapita chini ya nyumba za watu? Kituo chetu cha Same kiko juani, kila mtu anakiona. Nikasema moyoni, nadanganywa.

Leo tulikuwa kwenye msaragambo, kijiji kizima tunazoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Nina tope hadi magotini, simu ikaita, ni Mbonea. Akaniamkia, nikaitikia kwa shida, nikamwambia anionyeshe hilo shimo lake.

Akanionyesha ngazi zinazopanda zenyewe. Kuta ni za vigae vyeupe, vingine vimepasuka. Anasema kituo kilikuwepo hata babu yake hajazaliwa, na wakati wa vita watu walilala humo kwa kuogopa mabomu. Vumbi je? Akasema ni chuma, magurudumu na breki zikisagika.

Sikuamini. Mama Nakijwa, jirani yangu, akachungulia simu akacheka: "Kituo gani hakina hata muuza karanga?"

Mara nikasikia upepo unavuma kwenye simu.

"Subiri mama, treni inakuja. Upepo wake hutangulia."

Kweli ikaja. Akashuka bibi mmoja, kikapu cha mboga mkono huu, mjukuu mkono huu.

Machimboni hakuna anayeshuka na mjukuu. Nililia palepale, na tope langu.

Ila kabla hajakata simu, Mbonea alikohoa. Baba yake naye alikuwa akikohoa hivyo, kavu, akigeuza uso nisione.

Ee Mungu, kituo nimekikubali. Vumbi bado. Hicho chuma kinachosagika kinaishia wapi kama si kifuani mwa mwanangu?

Kesho nikitoka ibadani nampigia. Habari za treni sitamuuliza. Nataka nimwone amefunika pua.