Mgeni wa Voi na Jani la Isale

Kwa Mzee Athanas,
Kilema, Moshi.
Jumapili, 16 Novemba 1969

Mpendwa mdogo wangu Emilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Kampala? Goti lako linalouma wakati wa mvua linaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini akishakunywa uji hakamatiki. Ng'ombe wetu Malaika amezaa jike. Mvua za vuli zimeshuka, na njia ya kutoka kwetu hadi mferejini ni tope tupu.

Barua yako tuliipata Jumatano. Kabla sijaifungua Mama alininyang'anya, akainusa, akasema, "Inanuka petroli. Ni yeye." Kisha akaanza kulia. Baba alitoka nje. Najua utashangaa kwa nini barua ya salamu iliwaliza watu, kwa hiyo nitakueleza kwa utaratibu, kama nilivyoandika katika shajara yangu siku hizo.

Umeandika kwamba mvua ilikuzuia Voi, ukakaa hotelini na kijana mcheshi aitwaye Yohana, mtu wa Rombo aliyekulia huko huko Rombo, mkanywa chai mpaka barabara ikakauka. Umesema alikuuliza habari za nyumbani kama ndugu. Emilian, huyo ndugu alikuja hapa.

Ilikuwa tarehe 1, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tumetoka misa. Aliamkia vizuri, akakaa, akasema ametumwa na wewe. Alisema tembo alikukatia njia baada ya Taveta, ukaanguka, paja limevunjika, na umelazwa kwa mganga wa mifupa kijijini. Zinahitajika fedha za gari la kukufikisha hospitali, na blanketi. Tungemkataaje? Aliijua pikipiki yako nyekundu. Alilijua kovu la panga kwenye kidole chako. Alijua kwamba umevaa koti kuukuu la Baba. Hata jina la Malaika alilitaja!

Mama aliketi chini pale pale uani.

Sasa nikuambie kuhusu Baba. Tangu ulipoondoka mwezi wa kumi hakulitaja jina lako. Unakumbuka maneno yake: kwamba kwa kununua pikipiki umegeuza kahawa ya miaka mitatu kuwa kelele, na kwamba chombo hicho hakitakanyaga kihamba chake, shamba la ukoo, maadamu yuko hai. Ukailaza pikipiki kwa jirani yetu Ebenezeri, balozi wa nyumba kumi, na alfajiri ukaondoka bila kuaga. Basi, siku hiyo Baba alimsikiliza mgeni mpaka mwisho, akanyanyuka, akaenda kwenye mpaka wa kihamba akakata jani la isale linaloota hapo. Alilifunga fundo. Alirudi amelishika kwa mikono miwili, akampa yule kijana.

"Mpelekee mwanangu. Mwambie ni mimi."

Wewe ni mtoto wa mlima huu, unajua mzazi akikufungia isale ni nini. Ni yeye anayeomba msamaha, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Sikuwahi kudhani nitaona Baba akilibeba kwa mtoto wake.

Nilimfungia mgeni fedha za kahawa kwenye kitambaa changu, Mama akatoa blanketi lake mwenyewe, yule kijana akaondoka. Ndipo Mama akakumbuka kwamba hakumpa chakula cha njiani. Alitia ndizi za kuchemsha kwenye kikapu, akamkimbilia.

Alimkuta kwenye mfereji. Ameweka mguu juu ya jiwe, anakwangua tope la kiatu kwa isale la Baba. Alipomaliza kiatu kimoja akalitupa majini.

Mama yetu hakupiga kelele. Alimwita kwa upole kabisa, "Mwanangu, rudi kidogo. Kuna mtori wa ndizi umebaki, huwezi kusafiri na njaa." Akarudi! Alipokuwa anakula, Mama alininong'oneza jikoni, nami nikapita nyuma ya zizi kumwita Balozi. Alikuja na majirani wawili, akavuta kigoda, akakaa karibu naye kama mtu aliyekuja kuomba tumbaku.

"Kijana, wewe ni wa Rombo ipi?"

"Mashati, mzee."

"Ahaa. Na huko Mashati siku hizi isale mnafutia viatu?"

Yule akacheka. "Mzee, si jani tu?"

Ungeuona uso wa Mama. Alisema, "Hata angelelewa na mbuzi wa Rombo, angejua. Mbuzi wenyewe hulipita kwa heshima."

Kijana aliona watu hawacheki, akaruka, akatokomea kwenye mibuni. Blanketi na fedha aliviacha, pamoja na kiatu kimoja kilichonaswa na tope. Balozi alikichunguza akasema, "Amewaachia kile kisafi." Polisi wa Himo wameandika habari zake, lakini bado hajaonekana.

Labda unafikiri tulifurahi. Hapana, mdogo wangu, hapo ndipo hofu ilipoanza. Majirani walipokuwa wanampongeza Mama, Baba aliuliza swali moja tu: "Koti langu amelijuaje?" Kama hukumtuma, basi alikukuta wapi, na akakuacha katika hali gani? Kila mmoja wetu aliwaza pori la Tsavo.

Tangu kesho yake Baba alikuwa anateremka Himo asubuhi, anasimama njia panda na kusimamisha malori yanayotoka Taveta. Wewe unamjua, hapendi kuongea na watu asiowajua. Dereva mmoja aliyenikuta nikitoka kufundisha aliniambia, "Mwalimu, mzee wako haulizi habari nyingine. Anauliza tu kama tumeona pikipiki nyekundu." Jioni alirudi na tope hadi magotini, Mama akimtazama, naye akitikisa kichwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka barua yako ilipofika.

Sikulaumu. Mtu aliyeendesha peke yake kutwa nzima, akisikia mtu anasema kwao ni mlimani, mdomo hufunguka wenyewe. Lakini nakuomba, ukiwa safarini zungumza habari za barabara na mvua, siyo za jina la mama yako. Katika barua yako, yule wa Nairobi uliyemlipa akulindie pikipiki ukakuta tangi limenyonywa, na yule wa Nakuru aliyekuuzia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hao waliiba vitu. Yohana alichukua kwetu kitu kingine. Lala kwenye misheni ikiwezekana, pikipiki iingie ndani ya ua. Karatasi zako za safari usimkabidhi mtu asiye na sare, hata akisema atakusaidia kupita mpakani haraka. Na usiendeshe giza likiingia, kwa sababu hao tembo si uongo.

Jambo jingine. Siku ukimtuma mtu kweli, mwambie jina unaloiita pikipiki yako unapoiosha. Ndiyo, Mama alikusikia mtoni, na mimi ninalijua. Sitaliandika hapa. Naamini hilo peke yake hukumwambia Yohana, maana ungeona haya. Mjumbe asiyelijua atakunywa mtori, lakini hatapewa kitu.

Shangazi Salvina anakusalimu sana na anauliza kama Kampala kuna ndizi za maana au mnajidanganya tu. Balozi Ebenezeri anakusalimu. Kile kiatu amekitundika mlangoni kwake, watu wanakuja kukitazama. Msalimie sana binamu Wenseslaus aliyekupokea, na mkewe, mwambie Mama anamwombea kwa wema wake.

Sasa lililobaki ni la Baba. Jumatano ile alipotoka nje nilidhani anaficha machozi. Alikwenda tena kwenye mpaka. Nilimwambia Malaika bado hajakatiwa majani, na tukienda kuyakata tunaweza kulitafuta lile la kwanza mferejini, akasema lililogusa kiatu halitumwi. Alikata jingine, akalifunga mwenyewe, akanionyesha jinsi ya kulikunja lisivunjike fundo. Umelikuta ndani ya bahasha hii. Litakuwa limekauka likifika, lakini maana yake ni ile ile.

Nilimuuliza kama kuna maneno niyaandike. Akafikiri sana, akasema hana. Lakini leo baada ya misa alichukua panga na jembe, akafyeka matawi ya mibuni kandokando ya njia yetu, akang'oa na mgomba mmoja uliokuwa umeziba kona ya kuingilia uani, ule wa ndizi anazozipenda. Kisha akanyoosha mikono yake kama mtu aliyeshika usukani wa pikipiki, akapita polepole kutoka barabarani mpaka mlangoni, akipima.

Krismasi iko karibu. Njia inapitika.

Mungu akutangulie kila kona, na Mama Maria akufunike.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda siku zote,

Epifania